Diski za Moss kwenye Land Rover ya Arusha: tathmini ya huduma ya kubadili breki

Kwa wenye Land Rover za zamani Arusha, hasa Series II na III za chasisi ndefu ya inchi 109, ipo huduma inayonadiwa kwenye gereji za Unga Limited na kwingineko mjini: kung'oa breki za dramu za mbele (ngoma ya chuma inayobanwa kwa ndani na vipande viitwavyo viatu) na kufunga diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili). Maneno ya kuuzia hayatofautiani sana. Dramu ni mambo ya kale, diski ni za magari ya mashindano, na shahidi mkuu ni Stirling Moss, dereva wa mbio Mwingereza aliyeshinda kwa diski mwaka 1952 wakati wenzake wakiwa bado na dramu.

Habari hiyo ya Moss ni ya kweli. Ila inasimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayomhusu mtu anayeshuka Ngorongoro na abiria saba na mtungi wa gesi nyuma.

Tunaitathmini hapa huduma hiyo pamoja na mshindani wake wa miaka yote, yaani kukereza dramu zile zile na kuvika viatu lainingi mpya, yaani tabaka la msuguano. Majina ya gereji hatuyataji. Kazi ya breki hutofautiana kati ya fundi na fundi kuliko kati ya bango na bango, na fundi mzuri wa breki huhama.

Unachonunua

Kazi kamili ya kubadili ina diski mbili, kalipa mbili (vibanio vya kusukuma pedi), braketi mbili za kushikia kalipa, pedi nne, hozi mbili za mpira, mabomba mapya, masta silinda ya njia mbili (inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) na busta (inayoongezea mguu nguvu). Ikariri orodha hii. Bei ya chini inayotajwa mlangoni mara nyingi imeacha vitu viwili vya mwisho: gari linafungwa diski na kalipa, masta ya dramu inabaki pale pale, na mteja anaambiwa pedali itazoea. Haizoei, na sababu zake zinaeleweka.

Kwanza, dramu hujisaidia yenyewe. Kiatu kinachoelekea upande ambao dramu inazungukia huvutwa na mzunguko kikazidi kujibana, na Land Rover ya 109 ina viatu viwili vya namna hiyo kila gurudumu la mbele, kila kimoja na silinda yake. Diski haina msaada huo. Pedi inabana kwa nguvu ya mguu wako tu, basi bila busta utasimama kwenye pedali kwa miguu miwili. Pili, pistoni za kalipa ni nene na zinataka mafuta mengi. Masta ndogo inafika mwisho wa safari yake kabla kalipa haijashiba. Tatu, masta nyingi za dramu zina valvu ndogo inayobakiza shinikizo kidogo ndani ya bomba ili raba za silinda zisilegee. Kwenye diski, shinikizo hilo linaziacha pedi zikiigusa diski saa zote. Ukifika Makuyuni habu, yaani kitovu cha gurudumu, haishikiki kwa joto, grisi ya beringi imeyeyuka imetoka, na mafuta ya breki yako njiani kuchemka.

Busta nayo ina swali lake, na hapa ndipo fundi mzoefu anapojulikana. Inavuta nguvu kutoka kwenye vakyumu, yaani mvuto wa nafasi iliyotolewa hewa. Injini ya petroli inayo kwenye manifodi, njia yake ya kuingizia hewa. Injini ya dizeli haina koo la kubana hewa, kwa hiyo vakyumu ya kutosha haipo mpaka uweke pampu. Land Rover nyingi za huku zimeshawekwa injini za dizeli za Kijapani, na baadhi ya injini hizo zina pampu ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya alteneta. Kama pampu imezibwa au hozi yake ilikatwa zamani kwa kuwa "haikuwa na kazi", hiyo kazi sasa ipo. Fundi asipouliza habari ya injini yako kabla ya kutaja bei ya busta, ahirisha.

Moss alivyofika kwenye diski

Alizaliwa London tarehe 17 Septemba 1929, mtoto wa daktari wa meno aliyekuwa amekimbia Indianapolis mwaka 1924. (Mdogo wake, Pat, ndiye aliyeendesha Saab kwenye Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 akamaliza wa tatu, enzi ambazo mashindano hayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Huku kwetu ukoo huu una haki ya kukumbukwa kwa Pat kabla ya kaka yake.) Stirling alianza kujulikana 1948 na Cooper, kigari chepesi chenye injini ya pikipiki ya cc 500 nyuma ya dereva na mnyororo wa kuzungusha magurudumu. Gari jepesi kiasi hicho halina ugomvi na breki.

Ugomvi ulianza kwenye Jaguar XK120. Hilo lilikuwa gari zito na la kasi, lenye dramu za inchi 12, kubwa kuliko za inchi 11 za Land Rover ya 109, zikiwa zimejificha ndani ya magurudumu na mabawa ambako upepo haufiki. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, za 1950, XK120 ya Leslie Johnson na Bert Hadley ilikuwa inakwenda vizuri hadi breki zilipoanza kuchoka. Wakaanza kupunguza mwendo kwa gia. Klachi ikafa zikiwa zimebaki kama saa tatu. Mwenye gari la safari aikumbuke klachi hiyo, kwani ushauri wa "shuka na gia" unatolewa kirahisi mno. Gia huchaguliwa kabla ya kuanza mteremko, gari likiwa linatambaa au limesimama. Ukiiingiza katikati ya mteremko, mwendo ukiwa umeshakuzidi, unahamishia ugonjwa wa breki kwenye klachi.

Septemba mwaka huo huo, siku moja kabla ya kutimiza miaka 21, Moss alishinda mbio za Tourist Trophy kule Dundrod, Ireland ya Kaskazini, na XK120 aliyoazimwa na Tommy Wisdom. Mvua ilinyesha kwelikweli. Wanaosimulia husifu mikono yake kwenye utelezi, na ni haki yake. Ukimuuliza fundi wa breki atakuongezea jambo jingine: barabara ya maji hairuhusu kukanyaga kwa nguvu, na dramu inayorushiwa maji baridi haichemki haraka. Siku hiyo dramu zilitoshea.

Kampuni za Dunlop na Jaguar zilikuwa zimeshaanza kujaribu diski. Mwaka 1952 Moss alipanda Jaguar C-Type yenye diski kwenye Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, akiwa kando yake. Walitolewa na hitilafu ya usukani. Juni mwaka huo, Reims, Ufaransa, akashinda mbio za magari ya michezo, na huo ndio ushindi ambao gereji zetu zinautaja. Mwaka uliofuata diski zilijitangaza zenyewe Le Mans. C-Type ya Tony Rolt na Duncan Hamilton ilishinda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 170 kwa saa, Moss na Peter Walker wakawa wa pili baada ya kuchelewa mapema kwa kichujio cha petroli kilichoziba.

Wauzaji huishia hapo. Lakini mbio zilizompa Moss jina kubwa kuliko zote, Mille Miglia ya Mei 1955, alizishinda kwa dramu. Gari lilikuwa Mercedes 300 SLR namba 722. Denis Jenkinson alikuwa kando yake, akimsomea njia kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa kama mkeka, wakala karibu kilomita 1,600 za barabara za Italia kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wastani wa kilomita 157 na ushei kwa saa. Dramu zake zilikuwa kubwa, zenye mapezi ya kutoa joto, na hazikukaa ndani ya magurudumu. Zilifungwa ndani ya bodi ambako nafasi na upepo vilikuwepo.

Mwezi uliofuata Mercedes hao hao walipeleka gari hilo Le Mans, ambako dereva anafunga breki kwa nguvu mwisho wa mnyoosho mrefu, zamu baada ya zamu, kwa saa 24. Safari hii waliongeza bamba kubwa linaloinuka nyuma ya dereva ili upepo usaidie kupunguza mwendo. Walijua dramu zao zinaweza nini na haziwezi nini. Moss na dereva mwenzake, Juan Manuel Fangio, walikuwa gari moja. Baada ya ajali iliyoua watazamaji zaidi ya 80, Mercedes ikayaondoa magari yake, na Jaguar yenye diski ya Mike Hawthorn na Ivor Bueb ikashinda.

Dereva huyo huyo, miaka ile ile, ameshinda kwa aina zote mbili. Kilichoamua ni joto kiasi gani linaingia, kwa muda gani, na linatokea wapi.

Hesabu ya Seneto

Barabara ya kushukia kreta ya Ngorongoro upande wa Seneto inakuteremsha kama mita 600 kutoka ukingoni. Land Rover ya 109 iliyopakia ina tani 2.5 hivi. Zidisha uzito kwa kimo na mvuto wa dunia: karibu megajuli 14.7. Joto hilo linachemsha madumu mawili ya maji ya lita ishirini, na chenji inabaki. Kila unachomwachia breki, badala ya injini, kinaingia kwenye vyuma vinne vya magurudumu.

Linganisha na Le Mans. C-Type yenye tani moja ikifunga breki kutoka kilomita 240 kwa saa inazalisha takriban megajuli 2.2, kisha ina zaidi ya dakika nne za kupoa kabla ya kurudi pale. Mteremko wa Seneto kwa breki tupu ni mara sita na nusu ya hiyo, kwa mwendo wa kobe, bila upepo wa kupoza chochote. Ndiyo maana breki za kreta hazifanani na breki za lami ya Moshi–Arusha, na gari linalosimama vizuri pale mzunguko wa Impala linaweza kukosa pedali kabla ya kugusa tambarare.

Dramu ikipata moto inatanuka, na inatanuka kwa kukikimbia kiatu. Dramu ya milimita 279 ikiongezeka nyuzi 300 inapanuka kipenyo kwa takriban milimita 0.9. Pedali inazidi kwenda chini. Wakati huo huo lainingi iliyochemka inapoteza ukali, na kwa kuwa dramu inajisaidia, upungufu mdogo wa ukali unakuwa upungufu mkubwa wa breki. Diski ikipata moto inanenepa kuielekea pedi, na iko wazi kwenye upepo. Hapo wauzaji wako sahihi. Wako sahihi pia kwenye maji: ukivuka mto au matope, diski inajifuta kwa mikanyago miwili mitatu, dramu inabaki na uji ndani.

Diski zinapoharibika

Makosa ya kufunga tunayoyaona zaidi ni machache, na hayahitaji vifaa vya ajabu kuyagundua.

Kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana kama mapacha. Tofauti ni nati ya kutolea upepo, ambayo lazima ikae juu kabisa. Zikibadilishana, nati inaangalia chini, upepo unabaki juu ya pistoni, na fundi anamwaga chupa tatu za mafuta huku pedali ikiwa laini kama sifongo. Chuchumaa utazame kabla hujalipa.

Kingine ni beringi. Huu ugonjwa uliwasumbua Jaguar na Dunlop wenyewe wakati wa majaribio: gurudumu likiyumba kwenye kona, diski inaisukuma pedi nyuma, na mkanyago wa kwanza unakwenda mbali kabla ya kushika. Dereva wa mbio alijifunza kuigusa pedali kidogo kabla ya kona. Dereva wa watalii hana sababu ya kujifunza hilo. Barabara iliyojikunja kama bati, na habu yenye mchezo, zinaleta tatizo lile lile, ambalo kwenye dramu lisingeonekana. Gurudumu liinuliwe kwa jeki, lishikwe juu na chini, litikiswe. Mchezo ukisikika mkononi, beringi zikazwe au zibadilishwe kwanza. Kisha diski ipimwe myumbo kwa daili geji, kipimo cha mshale. Zaidi ya milimita 0.15 irudishwe, au habu isafishwe kutu pale diski inapokaa. Chembe moja ya kutu kati ya habu na diski inatosha kuharibu kipimo.

Rimu zikague pia. Rimu za inchi 16 kwa kawaida zina nafasi, lakini gari lililobadilishiwa rimu za inchi 15 linaweza kuikwaruza kalipa, au kizito cha kusawazisha gurudumu kilichobandikwa kwa gundi ndani ya rimu kikagonga. Zungusha kwa mkono, kisha kata usukani mpaka mwisho kila upande uone kama hozi inavutika au inasugua tairi.

Mwisho, uwiano. Diski mbele na dramu za nyuma zilizochoka ni gari linaloinamisha pua. Dramu zilizorekebishwa kupita kiasi nyuma ni gari linalogeuza mkia kwenye vumbi. Anayefunga diski mbele bila kufungua magurudumu ya nyuma amefanya nusu ya kazi.

Mshindani: dramu iliyofanyiwa kazi ya haki

Hapa tunakaa zaidi, kwa sababu Land Rover nyingi zinazoletwa kubadilishwa hazina kosa la dramu. Zina kosa la kutunzwa. Silinda moja imeganda, lainingi imelowa oili kutoka kwenye sili ya habu, viatu vimefungwa kinyume, na mwenye gari anaambiwa dramu ni za kizamani.

Fundi afungue magurudumu yote manne. Vumbi asilipulize kwa kompresa. Lainingi za zamani nyingi zina asbesto, na mapafu hayana kiwanda cha kuyakereza. Alifute na kitambaa chenye maji na sabuni. Lainingi iliyolowa oili au mafuta ya breki haioshwi kwa petroli ikarudi. Inaonekana kavu ikiwa baridi, ikipata moto inatoa oili iliyofyonza na gari linavuta upande mmoja. Itupwe, na sili ya habu ibadilishwe kabla ya lainingi mpya kufungwa.

Dramu ipimwe kipenyo mara nne: njia mbili zinazokatana, karibu na mdomo na karibu na kina. Hapo utajua kama ni yai au kama ni faneli. Dramu mpya ya inchi 11 ni milimita 279.4. Kerezo itoe kidogo kadiri inavyowezekana, na dramu ya kushoto na ya kulia zilingane, la sivyo moja itapata moto haraka kuliko nyenzake. Vimstari vya nywele kwenye uso vinavumilika. Ufa uliofika ukingoni haukerezwi, hauchomelewi.

Lainingi zinafungwa kwa riveti au kwa gundi. Riveti za shaba zianzie katikati ya kiatu kwenda ncha zote mbili. Ukianza na ncha, katikati inabaki na nafasi, lainingi inacheza kama mbao ya daraja na kupasuka kwenye matundu. Kazi ikiisha, jaribu kupitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya lainingi na chuma, kikipita, irudiwe. Vichwa vya riveti vizame ndani, na lainingi ikibaki milimita 1.5 juu yake ni wakati wa kubadilisha. Gundi ni nzuri sawasawa, pengine zaidi kwa kuwa uso wote unafanya kazi, lakini ni kwa gereji yenye oveni na bendi ya kubana. Omba kuiona oveni. Gundi ya kukaushwa juani si gundi ya breki, hata chupa iandikwe nini.

Hatua inayorukwa na wengi inafuata hapo. Dramu ikikerezwa inakuwa pana, na kiatu chenye mkunjo wa zamani kinaigusa katikati tu. Pedali inakuwa ndefu, eneo dogo linabeba joto lote, na mteja anasema lainingi mpya ni mbovu. Dawa ni kuinoa lainingi ifuate mkunjo wa dramu. Jaribio lake ni chaki ya shule: paka chaki ndani ya dramu, bana kiatu mkononi, kisugue nchani hadi nchani. Chaki ihamie sehemu kubwa ya lainingi. Ikikaa katikati peke yake, bado. Ncha zilainishwe kwa tupa kidogo, la sivyo breki zitapiga kelele kama mbuzi.

Kwenye kufunga, mbele ya 109 viatu vyote viwili vielekee upande wa mzunguko. Vikigeuzwa, gari linasimama vizuri likirudi nyuma kuliko likienda mbele. Anza na jaribio hilo uani: kama breki ni kali zaidi rivasi, mengine yote yasubiri.

Kutoa upepo kwenye 109 kuna sifa mbaya, kwa sababu silinda mbili za kila gurudumu la mbele zimeunganishwa kwa kibomba kinachopenda kuficha hewa. Njia inayofaa ni kukaza kwanza boli zote za kurekebishia nyuma ya bamba mpaka viatu vibane dramu kabisa, ili pistoni zisiwe na pa kwenda. Kisha anza na gurudumu lililo mbali na masta, umalizie lililo karibu. Lita moja ya mafuta inatosha kutoa ya zamani na kuweka mapya. Baada ya hapo legeza kila boli mpaka gurudumu lizunguke huru.

Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4. Yakiwa mapya yanachemka si chini ya nyuzi 230. Yakishafyonza unyevu kipimo chake kinashuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Kibandiko kwenye chupa kinasema tarakimu ya kwanza, kreta inauliza ya pili. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji tangu masika iliyopita haina tofauti na mafuta ya zamani yaliyotolewa. Badilisha kila baada ya miaka miwili, uwe na diski au dramu.

Hukumu

Kubadili kuwa diski kunastahili pesa kwa gari linaloshuka kreta wiki baada ya wiki au linalovuka mito kuelekea Ziwa Natron, lenye chanzo cha vakyumu kinachoeleweka, na mwenye gari aliye tayari kulipia masta, busta, beringi na kazi ya magurudumu ya nyuma kwa mkupuo mmoja. Likifanywa nusu nusu, gari linatoka gerejini na breki mbaya kuliko zilizoingia. Kwa gari la mjini, la shamba, au la kutoka mara moja moja, pesa hiyo iende kwenye kerezo, lainingi, raba na mafuta mapya, na itabaki.

Moshi, kwa wanaopandisha wageni lango la Machame au Marangu, tunapendekeza dramu bila kusita. Kimo cha kushuka ni kirefu, lakini kimetandazwa kwenye kilomita nyingi za lami, na gia ya pili au ya tatu inabeba sehemu kubwa. Tatizo la huko ni kungoja foleni kwa fundi wa kerezo anayekubali dramu. Wengi wana kazi nyingine na watakuambia urudi wiki ijayo.

Bei hatuandiki, inabadilika na hali ya vipuri. Ila dai vitu vitatu kwenye karatasi ya makadirio: kipenyo cha kila dramu kabla na baada ya kukerezwa, aina ya mafuta, na vipuri vya zamani virudishwe kwako kwenye mfuko. Gari likitoka, tafuta barabara tupu, bila abiria, ukanyage mara kumi mfululizo kutoka kilomita 60 hadi 10. Pedali ikizidi kushuka kila mara, kitu hakijakaa. Simama, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Lililo la moto kuliko wenzake linaburuza. Lililo baridi halifanyi kazi. Lainingi mpya zirudishwe kurekebishwa baada ya kilomita 500 hivi, na kabla ya hapo usipangiwe safari ya Seneto.